Paneli za Chiriku

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Maana yake ni kwamba uongo, hata ukivishwa nguo za heshima, hauendi mbali kabla haujaumbuka. Na hakuna uongo mbaya kama ule unaojificha ndani ya neno la kweli.

Ndugu wawili walikuwa na karakana ya sola. Kaka aliitwa Chiriku, maana mdomo wake haukujua likizo. Dada yake ndiye aliyekuwa fundi mkuu. Kazi yao ilikuwa kununua paneli mbovu zilizotoka ng'ambo, kuzilehemu nyaya, kuzibadilishia fremu na kuziuza tena zikiwa nzima.

Siku moja serikali ikatangaza kwamba shule zake zitanunua paneli zilizotengenezwa nchini tu. Chiriku karibu apae kwa furaha! Akachapisha vibandiko vya "Imetengenezwa Hapa", akaomba zabuni.

"Kaka, huu si uongo?" dada yake aliuliza.

"Uongo uko wapi, mdogo wangu? Redio ikiharibika si unampelekea fundi aitengeneze? Basi na sisi tunatengeneza!"

"Lakini wao wanamaanisha kuunda tangu mwanzo."

"Hayo ni yao. Wewe bandika."

Dada akabandika. Tangu siku hiyo usingizi ulimpaa. Honi ikilia nje, alikimbia kuchungulia dirishani. Wakigunduliwa, leseni itafutwa, na karakana hiyo ndiyo iliyowalisha wanawe na mafundi wenzake. Aliogopa, tena aliogopa sana, lakini alinyamaza.

Hatimaye mkaguzi wa wizara akaja, mama mpole mwenye miwani. Chiriku alimpokea kwa maneno matamu hata chai ikasahauliwa.

"Zote hizi mmetengeneza hapa?" mkaguzi aliuliza.

"Naam, mama! Kwa mikono yetu wenyewe."

"Hongereni sana. Basi naomba mtengeneze moja nione."

Kabla Chiriku hajajibu, mafundi, waliozoea kuamriwa hivyo kila siku, walikwishachangamka. Mmoja alikimbilia stoo, akarudi na paneli mbovu, akaiweka mezani.

"Hii hapa, bosi. Tuanze na waya au fremu?"

Lahaula! Mkaguzi aliigeuza. Nyuma palikuwa na jina la kiwanda cha ng'ambo.

"Kumbe mnakarabati," alisema taratibu.

"Mama, kutengeneza maana yake..."

"Maana zote mbili nazijua, baba. Mimi nimekuja kwa ile moja."

Dada mtu hakuweza kuvumilia tena. "Ni kweli, mama, tunakarabati. Nilijua, nikanyamaza."

Mkaguzi alivua miwani. "Mbona sera ina fungu la zabuni la wanaokarabati pia? Wala hajaomba hata mmoja. Mngesema hivyo tu, mngepata. Lakini vibandiko hivi siwezi kuvifumbia macho."

Leseni ikafutwa. Mafundi walivua aproni zao mmoja mmoja, na yule aliyeleta paneli akawa anauliza kosa lake ni nini. Dada mtu alilia waziwazi, bila kujificha. Alimgeukia kaka yake apate neno lolote la kuwaambia watu wale, lakini Chiriku alikuwa akibandua vibandiko tu. Riziki waliyoitafuta kwa hila walikuwa wamewekewa kwa haki, nao wakaipita. Ama kweli, njia ya mwongo ni fupi.