Kikapu cha Kokoto cha Mfalme Nyati

Sogeeni, sogeeni. Wenye miguu mirefu ikunjeni. Nikiita paukwa muitike pakawa, na aliyeshiba asiwazidi sauti wenye njaa.

Paukwa. — Pakawa.

Pakawa nini? — Pakawa nchi.

Nchi ya nani? — Ya mwenye kikapu.

Na sisi je? — Sisi kokoto zake.

Hapo zamani, zamani sana, wanyama walipokuwa wakilima na kuvuna, palikuwa na nchi ya Mfalme Nyati. Hakuwa mbaya, msije mkamsengenya bure. Kazi ya kusengenya niachieni mimi. Alikuwa mzito wa kufikiri tu, na yale mapembe yalimziba masikio.

Nchi hiyo ilikuwa na ghala la mtama. Kila mavuno kila mnyama alitia humo fungu lake, kisha ghala likafungwa. Lilifunguliwa mwaka wa njaa, basi.

Watajuaje kama njaa imeingia? Walikuwa na desturi yao. Kila mwezi ulipoandama, kikapu kikubwa kilimwagwa, kisha kila mwenye kazi akafika barazani akatia humo kokoto moja. Kokoto zikipungua, kazi zimepungua, nchi inaumwa, ghala lifunguliwe. Kokoto zikiongezeka, nchi ina afya, ghala likae vivyo hivyo. Walitia huku wakiimba:

Tia kokoto, tia,
nchi yetu yanenepa.

Na hapo mwanzo ilikuwa kweli. Kazi moja ililisha nyumba nzima. Digidigi, mjane, alikuwa akimchotea mfalme maji, na kila siku alipewa kibaba kizima cha mtama. Alikula yeye, akala na mwanawe, waliyemwita Kijiti kwa wembamba wa miguu yake.

Mshika kikapu alikuwa Kicheche. Huyo huyo ndiye aliyeshika ufunguo wa ghala. Na nyuma ya ghala, wasema wanaosema, palikuwa na tundu, na tundu lenyewe lilimtosha Kicheche barabara. Mkewe alinenepa hata mkufu wa shingoni ukakataa kufungika. Wanyama waliona, wakanong'onezana kisimani, wakanyamaza.

Basi mwaka mmoja mvua ikagoma. Mtama ukakauka ungali mchanga. Kicheche akalala akageuka, akalala akageuka. Mwezi ukiandama kokoto zitapungua, ghala litafunguliwa, na kilichobaki ndani ya ghala yeye anakijua.

Akaenda kwa mfalme, akamwambia kazi ni chache na wanaozitaka ni wengi, heri zigawanywe. Mfalme akaona huo ni wema. Digidigi akaachiwa maji ya asubuhi, Kanga akapewa ya adhuhuri, Ngiri akapewa ya jioni. Kibaba nacho kikagawanywa mafungu matatu.

Mwezi ukaandama. Palipokuwa na kokoto moja zikaingia tatu. Wakaimba:

Tia kokoto, tia,
nchi yetu yanenepa.

Digidigi akapiga magoti, akamwomba mfalme afungue ghala, kwani mwanawe halali kwa njaa. Kicheche akacheka kidogo. Akasema, "Mtukufu, nchi yenye njaa huajiri? Mwezi uliopita wenye kazi walikuwa wachache, leo tazama."

Mfalme akatazama kikapu. Kweli, kilikuwa kimepanda. Akasema ghala likae vivyo hivyo.

Digidigi akarudi nyumbani, akatafuta kazi nyingine. Asubuhi alichota maji, adhuhuri alifagia uwanja wa mfalme, jioni alipura mtama wa akiba wa mwenye shamba la bondeni. Kazi tatu, na malipo ya kazi zote tatu ukiyakusanya kibaba hakijai. Kicheche akatoa amri mpya: kila kazi iwe na kokoto yake, hata zikiwa za mtu mmoja.

Mwezi ukaandama. Digidigi peke yake akatia kokoto tatu. Kikapu kikafika shingoni. Wakaimba wimbo wao, lakini safari hii wengine walikuwa wakifungua midomo tu.

Digidigi akaomba tena. Kicheche akamuuliza mbele ya wote, kwa upole wa kuudhi, "Mama Kijiti, zamani ulikuwa na kazi ngapi?"

"Moja."

"Na leo?"

"Tatu."

"Sasa unalia nini, dada yangu?"

Baraza likacheka. Digidigi akangoja wamalize. Kisha akasema, "Nilipokuwa na moja, mwanangu alishiba. Nina tatu, na mwanangu simwoni ila amelala. Mfalme, acha kikapu. Njoo ufunue chungu changu."

Nyati akakunja uso. Akasema baba yake alimwachia kikapu, hakumwachia vyungu vya watu avifunue. Hata hivyo akataka kujua. Akamgeukia Kanga.

"Kanga, una kazi?"

"Ninayo, Mtukufu."

"Ngiri, una kazi?"

"Ninayo."

"Basi hiyo njaa iko wapi?"

Kanga alikuwa amelala bila kula, mimi nawaambia. Ngiri alikuwa akitafuna mizizi mikavu hata meno yakatokeza nje. Lakini nani asimame mbele ya majirani aseme ana kazi na hana chakula? Kesho kisimani wataulizana ana ugonjwa gani, au chakula anampelekea nani. Wote wawili wakatazama chini. Ghala likakaa vivyo hivyo.

Ndipo vifo vikaanza. Wakaanza wazee, wakafuata wachanga. Kicheche akafurahi moyoni, Mungu apishe mbali. Akaajiri wachimba makaburi, akaajiri wabeba maiti, akaajiri waosha maiti. Kila mmoja na kokoto yake. Mwezi ulipoandama mara ya tatu, kikapu kilifurika, kokoto zikadondoka chini. Mfalme akaamuru ngoma ipigwe.

Asubuhi ya ngoma hiyo Kijiti alimwambia mama yake miguu inamwuma. Digidigi akaikanda. Akamwimbia. Alipofika katikati ya wimbo akaona anamwimbia maiti.

Akaenda kuwatafuta wachimbaji. Hakuwapata, wote walikuwa barazani wakitia kokoto zao. Akachimba mwenyewe, kwa kwato zile ndogo, ardhi ngumu kama jiwe. Akamlaza mwanawe, akamfukia. Juu ya fukio palikuwa na kokoto. Akaiokota.

Barazani wakamwona anaingia, udongo umemganda hadi magotini. Ngoma ikafifia, ikanyamaza. Akapita katikati yao hadi kwenye kikapu.

Kicheche akamuuliza, "Hiyo ni ya kazi gani?"

"Ya kuchimba."

"Umemchimbia nani?"

"Kijiti."

Digidigi akaiweka kokoto juu ya nyingine.

"Ihesabu, Kicheche," akasema. "Ni kazi mpya. Jana sikuwa nayo."

Mfalme Nyati akainama, polepole. Akaokota kokoto moja, akauliza ni ya nani. Ya mchimba kaburi. Akaokota ya pili. Ya mbeba maiti. Akaokota ya tatu, akaambiwa ya mwosha maiti. Ya nne hakuokota.

Akaliendea ghala, akalipiga kwa pembe, mlango ukaanguka. Ndani palikuwa na makapi yaliyooza, na tundu, na harufu.

Kicheche alitimua mbio kupitia tundu lake. Alikuwa amenenepa, likambana, makapi yakamganda mwili mzima kabla hajachomoka. Harufu ile haikumtoka hata leo. Ndiyo maana hutembea peke yake, na akipita mnaziba pua.

Mfalme akamwomba Digidigi radhi. Digidigi akampa kisogo. Alikuwa amelia hata machozi yakaacha alama nyeusi chini ya jicho. Mtazameni mnapomwona, bado anayo, yeye na kizazi chake.

Wanyama wakahama mmoja mmoja, kila mtu na chungu chake kitupu, kutafuta nchi nyingine. Nyati akabaki na kikapu kilichojaa pomoni, na hana wa kumtawala. Mpaka leo nyati akizeeka huonekana porini peke yake, ameinamisha kichwa. Watu husema anakula majani. Mimi nasema anatafuta kokoto za kupunguza.

Basi fundisho langu ni hili. Mtu akikwambieni kazi zimeongezeka, msimkatalie wala msimpigie makofi. Muulizeni ni kazi gani, na jioni mwenye kazi anarudi nyumbani na nini. Na ninyi mkiulizwa kama mna njaa, semeni. Kanga na Ngiri waliona haya, na haya yao ilimzika mtoto wa mwenzao.

Hadithi yangu imepita mlango wa ghala, imekuta makapi, imegeuka. Aliyeisikia aende akafunue chungu cha jirani yake.