Fundi wa Bi Mkejina

Alikuwepo tajiri mmoja, Bwana Salmini, bahili wa kutupwa. Aliitaka nyumba ya Bi Mkejina, lakini ilivuja kama pakacha.

"Paa lizibwe kwanza, ndipo ninunue!"

"Fundi wangu yuko njiani, mwanangu. Hamia bure, umngojee humo humo."

Kusikia bure, Salmini alihamia jioni ile ile. Masika yakaanza. Kila akimuulizia fundi, aliambiwa, "Kesho." Mkewe akawa anapika chini ya mwavuli, naye Salmini analala kabatini, miguu nje. Mwishowe uzalendo ukamshinda, akaleta mafundi wake, wakaezeka bati jipya nyumba nzima.

Bi Mkejina akaja, akatazama juu.

"Paa limezibwa. Haya, nunua."

"Nimeziba mimi! Huyo fundi wako yuko wapi?"

"Si huyu ninayesema naye?"