Mzaramo Aliyemjibu Mtani "Sawa"

Sikilizeni, kisha mniamulie. Palikuwa na watu watatu. Mihayo, Mnyamwezi muuza asali, alijua kuchokoza. Zamda, muuza kisamvu, alijua kutwanga bila kuchoka. Daktari Nasikiwa alijua kupita mahali pembamba. Kati yao alikuwapo Bi Chausiku, Mzaramo mkaanga mihogo, ambaye mshipa wa moyo wake ulikuwa unaziba, na hakuna aliyejua, hata yeye mwenyewe.

Mihayo na Bi Chausiku walikuwa watani, kama Wanyamwezi na Wazaramo walivyo tangu enzi za mababu. Kila asubuhi sokoni Mihayo alimtukana, naye Bi Chausiku akamrudishia kwa nyongeza. Asubuhi moja Mihayo alimkuta kando ya karai, jasho linamtiririka, anatafuna tangawizi.

"Kiungulia tu," alikuwa akiwaambia wenzake.

"We Mzaramo, hiyo mihogo umeikaanga au umeizika?"

Bi Chausiku akaendelea kutafuna.

"Ukifa, kwenye jeneza nitalala mimi. Wewe utatembea kwa miguu."

"Sawa, mtani."

Ndoo ya asali ikamponyoka Mihayo. "Amesema sawa! Jamani, huyu anakufa!"

Soko zima likacheka. Mtani akilia, nani atamwamini? Mihayo hakubishana. Alimbeba hadi kwenye pikapu ya wauza nyanya, huku watu wakimpigia vigelegele kama bwana harusi.

Zamda alipanda nyuma ya pikapu ili amshikie mwenzake khanga. Njiani macho ya Bi Chausiku yakageuka, pumzi ikakatika. Zamda aliwahi kuonyeshwa na muuguzi, katika semina ya akina mama, namna ya kukandamiza kifua. Akafumbata mikono, akaanza. Ubavu ukalia.

"Unamvunja!" Mihayo akapiga kelele.

"Mfupa utaunga. Wewe mwambie dereva akanyage mafuta!"

Alitwanga hadi mlango wa hospitali, ambako mashine ya umeme iliushtua moyo, ukaitika.

Daktari Nasikiwa akatazama picha ya moyo. Mshipa mkubwa wa mbele umeziba. Moyo unapiga, lakini nyama yake inakufa kidogo kidogo. Akapitisha waya mwembamba kutokea kifundo cha mkono. Ukagoma. Akaurudisha nyuma, ukagoma tena.

"Daktari, tumpumzishe kwanza?" msaidizi akauliza.

"Akipumzika sasa, hataamka."

Akauzungusha taratibu mpaka ukapenya. Akajaza puto dogo ndani ya mshipa ili kuutanua, akaacha hapo kibomba cha wavu cha kuushikilia wazi. Damu ikapita.

Angekosekana mmoja wao, hiki kingekuwa kisa cha aina nyingine, ile ya msiba, isiyomalizika kwa swali.

Bi Chausiku alirudi nyumbani, na binti yake akajifungua mtoto wa kike. "Mama, jina utachagua wewe," binti akasema. "Mpe la aliyekurudisha kwetu." Siku ya akika wote watatu walialikwa.

"Bila mimi hao wangekuona wapi?" Mihayo akaanza. "Halafu kwetu Mihayo ni maneno. Jina zuri hilo."

"Mjukuu wangu aitwe Miayo? Shuleni watamwambia akalale!"

"Mtani hadai shukrani," Zamda akamkata Mihayo. "Kumwangalia mtani wako ni wajibu. Mimi nani alinilazimisha?"

"Mbavu zangu bado zinakushtaki, mwanangu," Bi Chausiku akasema.

Ikafika zamu ya daktari. Alipoulizwa, alijibu, "Mimi nilifanya kazi yangu. Ila mngemleta, mimi nisiwepo, mngerudi na maiti."

Bi Chausiku akawatazama: aliyemjua kuliko wote, aliyemvunja ili aishi, na yule ambaye hakuwahi kumwona kabla. Kila alipomchagua mmoja moyoni, wawili waliobaki walionekana kumtazama. Mtoto analia. Shehe ameinama sikioni mwa mtoto, tayari kulitamka jina.

"Bibi, jina?"

Ninyi mliokaa hapa, mngemnong'oneza Bi Chausiku jina lipi?