Tarumbeta la Alfajiri ya Pasaka

Hapo zamani, Jumamosi moja ya mwezi wa pili, saa nane na dakika kumi mchana, kijana aitwaye Gwakisa aliweka tarumbeta juu ya udongo mbichi wa kaburi na kuondoka. Kaburi lilikuwa la bibi yake. Mfukoni aliondoka na kipulizio, kile kipande kidogo cha chuma ambacho mpigaji hukiweka mdomoni. Hakurudi kanisani.

Sababu ilijulikana. Katikati ya wimbo wa maziko sauti ya tarumbeta lake ilikatika, ikatoa mlio kama wa bata, na kwenye safu ya vijana kukasikika kicheko.

Hayo yalitokea katika usharika mmoja wa Wamoraviani huko Rungwe, milimani, mahali ambapo watu hawaombi mvua inyeshe, huomba ipumzike. Usharika huo ulikuwa na desturi yake. Alfajiri ya Pasaka watu walikwenda makaburini, na kabla jua halijatoka kijana mmoja alipuliza tarumbeta, ili walio chini wasikie kabla ya walio juu. Tarumbeta lilikuwa la zamani, na hakuna kipulizio kingine kilicholitosha. Pasaka iliyofuata waliimba bila tarumbeta. Mzee mmoja wa kanisa alisema wafu wa mwaka ule waliamka wamechelewa.

Mwaka wa pili, Mchungaji Mwasomola alisimama mbele ya vijana.

"Atakayemrudisha Gwakisa," alisema, "ndiye atakayelipuliza tarumbeta siku ya Pasaka."

Vijana watatu walitazamana. Kila mmoja alikuwa amelitamani tarumbeta lile tangu alipokuwa shule ya Jumapili.

Wa kwanza alikuwa Lusekelo, katibu wa vijana. Kazi yake ilikuwa kusoma majina ya watu wa kuombewa, na kipaza sauti cha kanisa kilielekezwa bondeni. Jumapili moja akasoma: "Tumwombee mwenzetu Gwakisa, atoke gizani."

Saa hiyo Gwakisa alikuwa mtoni, juani, akiosha pikipiki. Wateja watano walikuwa wamekaa kwenye mawe. Wote walisikia.

"Bwana Giza," mmoja akamwita, "hiyo taa ya nyuma hujaigusa."

"Mwache," akasema mwingine. "Ataionaje?"

Jina likamganda. Lusekelo alipopata habari aliona aibu, na Jumapili iliyofuata akateremka mtoni kuomba radhi. Gwakisa akamtupia brashi.

"Ukitaka kuongea na mimi, osha."

Akaosha. Jumapili ya pili akaosha. Jumapili ya tatu akaosha, na kipaza sauti kikasikika bondeni: "Tumwombee pia katibu wetu Lusekelo, ambaye naye amepotea."

Gwakisa alicheka mpaka akakaa majini. Kwa ushahidi wa Lusekelo, hiyo ndiyo mara yake ya kwanza kucheka tangu maziko. Lusekelo aliosha pikipiki Jumapili sita, wala hakutaja kanisa hata siku moja.

Wa pili alikuwa Tumpe. Yeye alikwenda mara moja tu, Jumatano, akakaa dakika tatu. Gwakisa alikuwa nje ya nyumba yao, akimenya viazi.

"Karibu kiti, Tumpe."

"Sikai. Siku ile aliyecheka ni mimi. Hawakucheka vijana wote. Nilicheka mimi, peke yangu."

Gwakisa alimaliza kiazi alichokuwa nacho, akachukua kingine. "Kwa nini?"

"Ule mlio ulinikumbusha bibi yako akifukuza bata kwenye mboga. Nilimwona kabisa, na kanga yake na fimbo yake. Nikacheka. Kisha nikalia, lakini ulikuwa umeshaondoka."

"Mbona umekaa mwaka mzima na zaidi?"

"Niliogopa."

"Nenda nyumbani, Tumpe."

Akaenda.

Wa tatu alikuwa Nsajigwa. Yeye hakuosha kitu wala hakuungama kitu. Ijumaa Kuu jioni alipita mbele ya nyumba ya kina Gwakisa, akainama kufunga kamba za viatu ambavyo vilikuwa vimefungwa.

"Umesikia?" alisema. "Kimepatikana kipulizio kipya. Yoramu wa usharika wa jirani ndiye anapuliza keshokutwa."

"Yoramu yupi? Yule anayepuliza kama ndama aliyenyimwa ziwa?"

"Huyohuyo. Anasema ataanzia kwenye kaburi la bibi yako."

Hapakuwa na kipulizio kipya. Yoramu mwenyewe hakuwa na habari. Ulikuwa uongo mtupu, tena wa Ijumaa Kuu.

Jumapili ya Pasaka, saa kumi na moja na dakika arobaini alfajiri, Gwakisa alifika makaburini akiwa na koti la mvua. Alipita katikati ya watu, akasimama kwenye kaburi la bibi yake.

"Yuko wapi huyo ndama?" aliuliza.

Watu walitazamana. Nsajigwa alitazama viatu vyake.

Mchungaji alikuwa na tarumbeta mkononi. Lusekelo ndiye aliyewahi kumfikia.

"Baba Mchungaji, nimeosha pikipiki Jumapili sita. Nimeombewa kama mpotevu, mama yangu akisikia. Nusa mikono hii, bado inanuka grisi."

"Ulimrudisha wapi?" Tumpe akauliza. "Ulimfuata mtoni ukabaki mtoni. Kilichomfukuza ni kicheko changu, nami nimekwenda kukiondoa. Mwiba hutokea ulipoingilia."

"Kwa hiyo tukupe tarumbeta kwa sababu ulicheka?"

"Kwa sababu nilisema. Wewe ulijificha kwenye povu la sabuni."

Nsajigwa akakohoa. "Ninyi mlimkuta mtoni, mkamkuta kwenye viazi, na hukohuko mkamwacha. Mimi nimefunga viatu tu, na huyu hapa."

"Umedanganya," Tumpe akasema. "Ijumaa Kuu."

"Nitatubu. Lakini amekuja, hajaja?"

Mchungaji akamgeukia Gwakisa. "Mwanangu, nani amekuleta?"

Gwakisa alitazama kaburi. Nyasi zilikuwa zimeshaota juu yake.

"Nimekuja kwa bibi," alisema. "Wimbo wake uliishia katikati."

Akaingiza mkono mfukoni, akatoa kipulizio, akakifuta kwa shati, akamkabidhi Mchungaji. Hakusema apewe nani, wala hakujiombea.

"Mchungaji, kata shauri," bibi mmoja akasema kutoka nyuma. "Jua halingoji kikao."

Mchungaji alikiweka kipulizio mahali pake. Kikatosha. Ahadi yake ilikuwa moja, nayo aliitoa mbele ya watu: atakayemrudisha Gwakisa. Mbele yake alisimama kijana aliyekubali kuhesabiwa mpotevu ili mwenzake asipotee peke yake. Alisimama binti aliyemfukuza na kisha akaungama. Alisimama mwongo ambaye uongo wake ulifika makaburini kwa miguu miwili. Na pembeni alisimama yule aliyerudishwa, au aliyejirudisha, mwenye wimbo ulioishia katikati.

Saa kumi na mbili na dakika ishirini na tano jua lilitokea mlimani. Tarumbeta lilikuwa bado mikononi mwa Mchungaji.

Nanyi mliokaa kusikiliza, semeni: nani alistahili kulipuliza?