Ndoto ya Mtungi wa Baridi

Ndugu zangu mliokusanyika, tulizeni mioyo, msikie kwa masikio ya ndani.

Hapo zamani ambazo bado hazijafika, katika chuo kikuu cha kilimani, palikuwa na kompyuta ya kwanta iliyolala ndani ya mtungi wenye baridi kuliko anga za mbali. Chembe zake ziliota: kila moja ilikuwa ndiyo na siyo kwa pamoja. Sharti lilikuwa moja tu: ndoto haichunguliwi kabla haijakamilika. Ukiipima mapema, inakufa. Ufunguo wa kipimo ulitundikwa ukutani, kwa kuwa watatu walioitunza waliaminiana.

Nakiete, mtafiti, aliiuliza mashine ile dawa ya selimundu, ugonjwa uliomtafuna mdogo wake Eliapenda. Aliketi kando ya mtungi akisikiliza mvumo wake, kama mama asikilizaye pumzi za mtoto, hata asijue kama yeye mwenyewe yu macho au amelala.

Siku ya kufungua ilipowadia, jibu halikuwamo. Ndoto ilikuwa imekufa, na gesi ya kupoza ilibaki ya jaribio moja.

Profesa Mwakisole akaungama kwanza. "Nilichungulia. Wageni walikuja, nikataka waone ukuu wetu. Kiburi changu nimekijua, naapa hakitanirudia."

Fundi Lugendo, aliyeujenga mtungi, akakohoa. "Wewe, Profesa, ulichungulia kama bwana harusi mbele ya kioo. Mimi nilichungulia kwa kuwa niliuhisi ukitetemeka. Fundi asiyekagua kazi yake ni fundi gani?"

"Ni fundi aliyeambiwa asikague," Profesa akajibu.

"Basi siku mtungi ukipasuka, mwite bwana harusi."

Nakiete akainamisha kichwa. "Nami nilichungulia, wazee wangu. Eliapenda alilia kwa maumivu ya mifupa, nikashindwa kungoja. Nisiwadanganye: akilia tena, sijui mkono wangu utafanya nini."

Jicho la nani liliua? Hakuna aliyeweza kujua. Wakaulaza mtungi upya kwa jaribio la mwisho, wakauweka ufunguo mezani, ili mmoja wao tu aushike na wengine wakae mbali. Mvumo ukaanza, laini kama sala. Nakiete akafumba macho, akamwona mdogo wake akikimbia mteremkoni bila maumivu.

Je, nani alistahili kuushika ufunguo: aliyeapa, aliyeujua mtungi, au aliyejiogopa?

Jibuni. Na wewe ufukuaye mbegu kila asubuhi uone kama imeota, rudishia udongo leo, ujifunze kungoja.