Vyungu vya Pimbi Chini ya Majani

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa bado wakijifunga kanga na kuazimana chumvi, palikuwa na mlima wa mawe kando ya bahari. Huko mvua ilinyesha wakati wa baridi tu. Kiangazi, hata tone!

Pimbi, mjane mwenye watoto wawili, alipanda miche mitatu kwenye mteremko wake mvua za kwanza zilipoanguka: mzeituni, mtini na mkomamanga. Nyati, mwenye kisima, akapanda kama hiyo kwake.

Jua lilipoanza kuwaka, Nyati akaja na bakora yake. Dii! Dii! Dii!

"Wee Pimbi! Mteremko huu nautaka. Miche yako ikifa kabla ya mvua, beba watoto wako uhame!"

"Na yako ikifa, mzee?"

"Yangu? Ha! Mimi nina kisima!"

"Basi apa mbele ya watu: yako ikifa, kisima ni cha wote. Au unaniogopa?"

Majirani wakaangua kicheko. Nyati akaona haya, akaapa. "Lakini utapata mtungi mmoja tu kila siku kumi!"

"Unanitosha," akajibu Pimbi.

Jioni ile jirani yake Kobe akaja polepole, akaweka kibuyu cha maji mlangoni. "Mwanangu, mimi leo sina kiu."

Pimbi aliiona midomo yake ilivyopasuka kwa ukavu. Hakusahau.

Akatoboa vyungu vitatu chini, akavizika ubavuni mwa miche, akavifunika kwa majani makavu. Kila siku ya kumi, alfajiri, alivijaza. To... to... to... Maji yakashuka taratibu, na mizizi ikayafuata huko huko chini.

Siku moja Nyati akachungulia. "Mbona humwagilii? Umekata tamaa?"

Pimbi akajikalia juu ya majani, akashusha pumzi. "Maji yako wapi, mzee? Ila miche yako naionea huruma. Ningekuwa wewe, ningeinyunyizia kila siku adhuhuri. Kidogo kidogo, isije ikavimbiwa."

"Hilo nalo neno!" akasema Nyati.

Chwa! Chwa! Kila adhuhuri. Jua likayanywa maji yale kabla hayajafika kina cha kidole.

Wiki tatu kabla ya mvua, Nyati akateremsha ndoo. Ko! Jiwe tupu, kisima kimekauka. Wanyama wakabaki na akiba ya vibuyuni. Siku ya nane, miche ya Nyati ikawa kuni. Ya Pimbi? Kijani!

Nyati akaja akifoka. "Mwizi wa maji!"

"Sijaiba. Kang'oe mche wako."

Akaung'oa. Pwa! Mizizi mifupi kama kidole.

"Sasa huu wangu."

Nyati akauma, akavuta, macho yakamtoka... puu! Akaanguka makalio chini, jani moja mdomoni.

"Kumbe ulinidanganya!"

"Ndiyo, nilikudanganya," akasema Pimbi, mikono kiunoni. "Na hapa sihami."

Mvua zikaja, kisima kikajaa, kila mtu akachota. Mtungi wake wa kwanza Pimbi aliupeleka kwa Kobe.

"Sina kiu, mwanangu."

"Kunywa, bibi."

Basi, wanangu, mwenye nguvu akikubana usimlilie, shusha mizizi.