Kwa Nini Paka Akiitwa Haji

Zamani paka alikuwa akiitwa anakuja. Najua hamniamini, kwa sababu huyu wenu mmemwita tangu asubuhi na kazi yake ni kuwatazama tu kama watu wasiomhusu. Lakini ilikuwa hivyo. Ukimwita mara moja, aliacha alichokuwa akifanya, hata kama ni usingizi, akaja mbio mkia juu.

Wakati huo, kwenye nyumba ya mwisho kabla ya msitu, aliishi mjane aliyeitwa Bi Sikudhani. Alikuwa na mbwa, kuku kadhaa, na paka wa madoa aliyempenda kuliko wote. Macho ya bibi huyo yalikuwa yameanza kufifia, na panya walikwisha kujua. Kila aliposikia mkwaruzo darini, kwenye kapu la mbegu za mahindi, aliita, "Njoo, mama, njoo!" na kabla hajamaliza paka yuko juu. Hakuwa na mbegu nyingine, na mvua zilikuwa zinakaribia. Bila paka yule, hakuna shamba.

Basi mkwe wake Shekue, mrina asali, mtu mwema lakini asiyefikiri sana, akatoka msituni siku moja na kasuku mkononi.

"Mama, nimekuletea wa kukuondolea upweke," akasema.

"Upweke gani tena, baba?" akajibu Bi Sikudhani. "Hapa nikikaa kitako tu, wote hawa wananililia chakula."

Lakini zawadi ya mkwe hairudishwi, hata ingekuwa nyoka. Akampokea, akashukuru, akabaki anamtazama. Hakuwahi kufuga kasuku maishani mwake, kwa hiyo akafanya alilolijua: akamtendea kama kuku mgeni. Akamfunga kamba mguuni, akaifunga kamba kwenye nguzo ya jikoni, akamwagia chenga za mahindi, akangoja azoee. Kuku mgeni akifungwa hivyo, hakawii kulijua banda na wenzake. Kasuku hakutaka kujua banda wala wenzake. Alimzoea Bi Sikudhani peke yake, maana pale jikoni hakuwa na la kufanya ila kumsikiliza, na Bi Sikudhani alikuwa mtu wa maneno mengi.

Alipofunguliwa kamba aliruka akatua kwenye boriti, na amani ikatoka ndani ya nyumba ile. Aliwaita kuku kwa sauti ya mwenye nyumba. Kuku wakaja wakikanyagana, hakuna hata punje. Alimfokea mbwa, "Toka hapa!" na mbwa akatoka amefyata mkia, wakati bibi wa watu ndiyo kwanza anamwekea mfupa. Kuku wakaacha kutaga. Mbwa akawa anakula huku anaangalia mlango. Lakini aliyeteseka hasa ni paka. "Njoo, mama, njoo!" Paka anamwacha panya aliyekuwa akimvizia, anakuja jikoni mbio, anakuta hakuitwa. Anarudi. "Njoo, mama, njoo!" Anakuja tena. Inachosha hata kusimulia.

Na Bi Sikudhani naye, badala ya kuinua uso juu akajiuliza, akamkasirikia paka. Akaona amekuwa mdokozi, kila saa yuko miguuni pake. Siku moja alikuwa ndiyo anaipua chungu cha maharage. Sauti ikaita kutoka kwenye boriti, paka akaja mbio, akapita katikati ya miguu yake. Bibi akapepesuka, maharage yote yakamwagika majivuni. Kwa hasira akamchapa paka mwiko mgongoni.

"Nani amekuita?" akafoka. "Nani amekuita wewe?"

Paka hakuwahi kuchapwa katika nyumba ile. Akatoka nje, akapanda juu ya banda la kuku, akajilaza huko.

Panya hawakukawia. Jua lilikuwa halijatua Bi Sikudhani aliposikia mkwaruzo darini. Akaita. Paka akageuza sikio moja tu. Akaita akibembeleza, akaita akilia. Sikio likageuka, likarudi mahali pake. Hadi bibi apapase ngazi, apande, afike, kapu lilikuwa limebaki nusu.

Akashuka, akakaa kizingitini akashika tama. Alikuwa amefumba mdomo kabisa aliposikia sauti yake mwenyewe ikitoka jikoni: "Njoo, mama, njoo! Nani amekuita wewe?"

Alikasirika kweli. Akamfukuza kasuku kwa ufagio hadi msituni, na alipogeuka kurudi, kasuku akamtangulia kufika. Sasa ndiyo alikuwa amezoea!

Bi Sikudhani akauacha ufagio, akaenda bandani.

"Nisamehe, mama," akamwambia paka. "Nilikuchapa kwa sababu uliitika."

"Nikija nachapwa," paka akasema, "nisipokuja mbegu zinaliwa. Na hata sasa sijui kama ni wewe."

Bi Sikudhani alitaka kuapa kwamba ni yeye, kisha akakumbuka kwamba kasuku naye angeweza kuapa vilevile, tena kwa sauti ileile. Akakaa chini kando ya banda, akanyamaza. Uchungu ulikuwa umemjaa, machozi yanamtoka, wala hakutamka neno. Baada ya kitambo paka akashuka, akamnusa mkono, akapanda mapajani pake.

Mwaka ule Bi Sikudhani alipanda nusu ya shamba. Nusu nyingine ilipandwa na magugu.

Na tangu siku hiyo, paka akiitwa hugeuza sikio moja, asikilize sauti inatoka wapi, kisha huendelea na mambo yake. Mbwa bado anakuja, lakini mbwa ni mbwa, husamehe kabla hujamkosea. Paka humngoja mtu achoke kuita, akae peke yake na shida zake, ndipo anapomjia bila kuombwa. Kwa hiyo acheni makelele hayo. Kunyamaza ndicho kitu pekee ambacho kasuku hajaweza kukiiga.